Nani Akinyamazishe Kifaa? Makatizo ya Maunzi Nje ya Kerneli

Wanafunzi wa mifumo endeshi hufundishwa mapema kwamba katizo la maunzi ni mali ya kerneli. Kadi ya mtandao inapopokea pakiti, diski inapomaliza kusoma, kitufe kinapobonyezwa, kifaa hupeleka ishara kwa prosesa. Prosesa huacha ilichokuwa ikifanya, huhifadhi hali yake, kisha hurukia kipande cha kerneli kilichoandikwa kwa ajili ya ishara hiyo. Programu ya kawaida haimo katika mpango huo. Husubiri nje mpaka kerneli iseme kwamba data iko tayari. Mafundisho haya yamedumu kiasi cha kugeuka mwiko, na kila anayetaka kuandika kiendeshi cha kifaa nje ya kerneli hupewa jibu lilelile: haiwezekani, na hata ikiwezekana itakuwa polepole. Ninashikilia kwamba jibu hilo limechanganya mambo. Kushughulikia katizo ni matendo matatu yaliyofungwa pamoja kwa mazoea: kukinyamazisha kifaa kinachoita, kumwamsha anayehusika, na kuifanya kazi iliyosababisha wito. Tendo la tatu ndilo refu kuliko yote na ndilo lenye makosa mengi. Hilo linaweza kuhamia kwenye programu ya kawaida, na mara nyingi linapaswa kuhamia. Linalogoma kuhama ni la kwanza. Mpaka baina ya kerneli na mtumiaji umechorwa na swali la nani ana uwezo wa kukinyamazisha kifaa na wapi kifaa hicho kinaruhusiwa kuandika. Kasi, inayotajwa kwanza katika kila mjadala, ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa.

Ugumu wa makatizo ni wa siku nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Edsger Dijkstra aliandika programu ya kuhudumia makatizo ya kompyuta ya Kiholanzi, Electrologica X1, na kazi hiyo ikawa tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959. Alieleza baadaye kwamba mashine hiyo ilimtia hofu, kwa kuwa katizo huja wakati wowote, na kosa linalotokana nalo huenda lisionekane tena programu ikiendeshwa upya. Hofu hiyo ingali halali. Mtu anayefikiri kwa mara ya kwanza kuhusu makatizo upande wa mtumiaji hupendekeza njia iliyo wazi: programu isajili fungu lake la msimbo, na katizo likija prosesa iliruke moja kwa moja. Njia hiyo huvunjika haraka. Wakati katizo linapofika, programu inayoendeshwa huenda ni nyingine kabisa, na ramani ya kumbukumbu iliyopo si ya mwenye kifaa. Ukurasa wenye msimbo wake unaweza kuwa umehamishiwa diskini, na kuurudisha kunahitaji makatizo ya diski ambayo kwa wakati huo yamezuiwa. Msimbo ukiingia katika mzunguko usioisha, hakuna wa kuutoa, maana saa inayogawa zamu nayo hufanya kazi kwa makatizo. Anayeruhusu programu yoyote kuendeshwa katika mazingira hayo amempa mwandishi wake mamlaka yote ya kerneli bila kumwita hivyo.

Historia ya QNX inathibitisha jambo hili vizuri. Mfumo huu wa Kanada, unaotumika katika magari na mitambo, uliruhusu kwa miaka mingi kiendeshi kilicho nje ya kerneli kusajili fungu la msimbo ambalo kerneli ingeliita palepale katizo linapotokea. Sambamba na hiyo ilikuwapo njia ya pili: kerneli ifunge katizo hilo, ipeleke tukio kwa uzi wa kiendeshi, na uzi huo ukimaliza kazi uombe katizo lifunguliwe. Katika toleo la 8.0 njia ya kwanza iliondolewa, ikabaki ya pili na ndugu zake. Waliokuwa na uzoefu mrefu kuliko karibu mtu yeyote wa kuendesha msimbo wa mtumiaji ndani ya katizo ndio walioamua kwamba msimbo huo usiendeshwe tena humo. Kwa hiyo tunaposema programu ya kawaida inashughulikia katizo, tusimaanishe kwamba inaingia ndani ya katizo lenyewe. Tumaanishe kwamba inaamshwa nalo, inaambiwa yaliyotokea, na inafanya kazi.

Sasa tufike kwenye kiini cha tatizo. Makatizo ya zamani ya basi la PCI yalipita kwenye nyaya nne tu, na vifaa kadhaa viliweza kushirikiana waya mmoja. Zaidi ya hapo, waya huo hauwi wa mpigo mmoja. Kifaa kikihitaji huduma hushikilia waya katika hali ya wito mpaka kiendeshi kiguse rejista fulani ndani ya kifaa na kukiambia kwamba kimesikika, kama mtoto mchanga anayelia mpaka abebwe. Hebu tufuate yatakayotokea kerneli ikijaribu kuwa mjumbe tu. Katizo linaingia, kerneli inaandika kwamba programu fulani iamshwe, inarudi kutoka kwenye katizo. Waya ungali katika hali ya wito, kwa kuwa hakuna aliyekigusa kifaa. Prosesa inakatizwa tena kabla ya kutekeleza hata hatua chache, na tena, na tena. Programu iliyotakiwa kuamka haipati nafasi ya kuendeshwa, na kwa kuwa haiendeshwi, kifaa hakinyamazi. Hapo mashine imekwama ingawa kila sehemu yake inafanya ilichoagizwa. Linux ina kinga dhidi ya hali hii: kati ya makatizo 100,000 ya waya mmoja, yakizidi 99,900 ambayo hakuna kiendeshi kilichokiri kuyahudumia, kerneli huandika malalamiko kwenye kumbukumbu za mfumo na kuufunga waya huo.

Dawa inayokuja akilini ni kerneli iufunge waya kwenye kidhibiti cha makatizo, iiamshe programu, na kuufungua baadaye. Kwa kifaa kinachomiliki waya wake peke yake, dawa hiyo inatosha kabisa. Kwa waya wa pamoja ni hatari: kadi ya sauti na diski zikishirikiana waya mmoja, na kiendeshi cha kadi ya sauti kikiwa programu ya kawaida iliyochelewa kuamka au iliyokufa, diski nayo inanyamazishwa. Kosa la programu moja limegeuka kuwa kosa la mashine nzima, na hilo ndilo tulilotaka kulikwepa tulipokitoa kiendeshi nje ya kerneli. Hapa ndipo mwiko ulipopata nguvu zake za kweli. Ni lazima mtu mwenye mamlaka akiguse kifaa chenyewe, kwa lugha ya kifaa hicho, kabla katizo halijaisha, na kerneli isiyokifahamu kifaa haiwezi kufanya hivyo.

Watu wa Linux walilijibu tatizo hilo mwaka 2007 kwa kukubali sharti lake. Toleo 2.6.23 lilileta UIO, kazi iliyoongozwa na Hans J. Koch akishirikiana na Thomas Gleixner na Greg Kroah-Hartman. Kwa UIO, mwandishi wa kiendeshi huacha ndani ya kerneli kipande kidogo mno, pengine mistari michache, ambacho kazi yake pekee ni kuangalia kama kifaa chake ndicho kilichoita, kukinyamazisha, na kuondoka. Yote yaliyobaki huwa katika programu ya kawaida. Programu hiyo hufungua faili kama /dev/uio0, huziweka rejista za kifaa katika kumbukumbu yake, kisha husoma faili. Usomaji hulala mpaka katizo litokee, na kinachorudi ni baiti 4 zenye idadi ya makatizo yaliyokwisha kutokea. Uchaguzi wa kurudisha idadi una busara nyingi. Programu ikichelewa na idadi ikaruka kwa zaidi ya moja, inajua palepale kwamba imepitwa, na inajua imepitwa na mangapi. Walionufaika kwanza walikuwa watu wa viwandani wenye kadi za kuongoza mitambo, kama kadi za CIF za Hilscher ambazo zilikuwa miongoni mwa mifano ya awali. Kadi hizo huuzwa kwa idadi ndogo, msimbo wake ni mrefu, na kuufuatisha na mabadiliko ya ndani ya kerneli ya Linux kila baada ya miezi michache ni mzigo usiolipa.

Baadaye kidogo hata kile kipande kidogo kiliweza kuandikwa mara moja kwa ajili ya vifaa vyote vya aina moja. Toleo 2.3 la kanuni za PCI lilikuwa limeweka katika rejista ya amri ya kila kifaa biti ya kuzuia katizo, na katika rejista ya hali biti ya kuonyesha kwamba kifaa kinaita. Biti hizo mbili ziko mahali palepale kwa kila kifaa, awe mtengenezaji yeyote. Kwa mara ya kwanza kerneli iliweza kukinyamazisha kifaa isichokifahamu, bila kuugusa waya unaoshirikiwa na majirani. Kiendeshi cha jumla cha UIO kwa vifaa vya PCI kimejengwa juu ya biti hizo. Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndilo ushahidi wa kwanza wa hoja yangu: maunzi yalipotoa njia moja ya kawaida ya kunyamazisha, sababu ya kuweka kiendeshi maalumu ndani ya kerneli ilitoweka, ilhali kasi ya prosesa au ya kipanga zamu haikubadilika hata kidogo.

Waandishi wa kerneli ndogo walifika mahali hapo mapema zaidi kwa njia yao. Katika L4, iliyobuniwa na Jochen Liedtke nchini Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990, katizo huwa ujumbe wa kawaida unaopelekwa kwa uzi wa kiendeshi, sawa na ujumbe unaotoka kwa programu nyingine yoyote. Katika seL4, iliyothibitishwa kihisabati huko Sydney mwaka 2009 ikiwa na takriban mistari 8,700 ya lugha ya C, haki ya kupokea katizo fulani ni hati inayokabidhiwa programu moja na inayoweza kunyang'anywa. Kerneli hulifunga katizo, hupeleka taarifa, na halifunguliwi mpaka mwenye hati akiri. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba mamlaka yameandikwa wazi: anayesoma usanidi wa mfumo anaona ni programu ipi inamiliki katizo lipi. Udhaifu wake kwenye waya wa pamoja ni uleule tuliokwisha kuuona. Hati inaweza kugawa haki, lakini haiwezi kuugawa waya mmoja ukawa nyaya mbili.

Aliyeugawa waya ni mbunifu wa maunzi. Kanuni za PCI toleo 2.2 zilileta makatizo ya ujumbe, yanayojulikana kama MSI, na baadaye MSI-X inayokiwezesha kifaa kimoja kuwa na hadi makatizo 2,048 tofauti. Hapa hakuna waya. Kifaa kinachotaka huduma huandika namba ndogo kwenye anwani maalumu, na maunzi huugeuza uandishi huo kuwa katizo. Kwa kuwa ujumbe hufuata njia ileile inayopitiwa na data, hauwezi kuitangulia data iliyoandikwa kabla yake, na hivyo shaka ya zamani ya katizo kufika kabla ya data huondoka. Kubwa zaidi ni kwamba ujumbe ukishapokewa umekwisha. Hakuna hali ya wito inayoendelea, na hakuna jirani anayeshiriki. Kifaa huenda bado kinahitaji kuambiwa kwamba kimesikika kabla ya kupeleka ujumbe mwingine, lakini programu ikichelewa kukiambia, anayeumia ni mwenye kifaa peke yake. Tendo la kwanza kati ya yale matatu, lile lililogoma, limebaki kivuli.

VFIO, iliyoingia katika Linux 3.6 mwaka 2012 kwa kazi ya Alex Williamson, ilijengwa kwa ulimwengu huo. Programu huomba kila katizo la kifaa lifungamanishwe na eventfd, yaani faili ndogo ambayo kerneli huongeza hesabu yake kila katizo linapotokea, na programu huweza kuisubiri pamoja na soketi na saa zake nyingine zote. Kwa vifaa vilivyobaki na waya wa zamani, VFIO huufunga wito wenyewe na kuisubiri programu iufungue. Lakini VFIO iliandikwa kwa sababu nyingine iliyo nzito kuliko makatizo, na wengi wanaojadili mada hii huipita. Kifaa cha kisasa huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu kuu bila kuiuliza prosesa. Programu inayoongoza rejista za kifaa kama hicho inaweza kukiagiza kiandike popote, hata juu ya kerneli, na ulinzi wa kurasa za kumbukumbu hauoni kitu. UIO haikuwa na jibu la hilo. VFIO hulijibu kwa IOMMU, maunzi yanayosimama kati ya kifaa na kumbukumbu na kukiruhusu kifikie tu kurasa zilizotolewa na mmiliki wake. Na vifaa visivyoweza kutenganishwa hukabidhiwa kwa pamoja kama kundi moja.

Kisha makatizo na kumbukumbu yakakutana kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Ikiwa katizo la ujumbe ni uandishi wa namba kwenye anwani, basi kifaa kinachoandika popote kinaweza pia kughushi katizo lolote. Mwaka 2011 Rafal Wojtczuk na Joanna Rutkowska walionyesha kwamba kwenye mashine za Intel zisizo na uhakiki wa makatizo, aliyekabidhiwa kifaa angeweza kukitumia kupeleka makatizo ya kughushi na kuvunja kuta za mashine pepe. Dawa ilikuwa jedwali la kuhakiki makatizo ndani ya IOMMU: kila ujumbe hulinganishwa na kilichosajiliwa kwa kifaa hicho, na usiosajiliwa hukataliwa. Ndiyo maana VFIO hukataa kukabidhi kifaa kwenye mashine isiyo na uhakiki huo, isipokuwa msimamizi akubali hatari kwa amri ya wazi. Tukio hili linaonyesha mahali usalama ulipo hasa. Programu iliyo nje ya kerneli ni salama kwa kadiri maunzi yanavyozuia kile inachoweza kukiagiza kifaa.

Pingamizi la kasi linahitaji jibu kamili, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Kuamsha programu ya kawaida ni ghali kuliko kuita fungu la msimbo lililomo kerneli. Kuna kupita kwa kipanga zamu, kubadili ramani ya kumbukumbu, na kurudi kwenye hali ya mtumiaji. Na kinga dhidi ya udhaifu wa Meltdown, uliotangazwa Januari 2018, iliongeza gharama ya kuingia na kutoka kwenye kerneli kwa prosesa zilizoathirika. Hata hivyo tujiulize linganisho linafanywa na nini. Kerneli yenyewe imeacha kufanya kazi kubwa ndani ya katizo. Tangu toleo 2.6.30 la mwaka 2009 Linux ina makatizo yanayohudumiwa na nyuzi: sehemu fupi hunyamazisha, na uzi unaopangiwa zamu kama nyuzi nyingine hufanya kazi yenyewe. Usanidi wa wakati halisi, uliokamilika kuingia katika toleo 6.12 mwaka 2024, hugeuza karibu kila katizo kuwa uzi wa namna hiyo, na hufanya hivyo kwa ajili ya kupata muda unaotabirika. Kwa hiyo kati ya kiendeshi cha kerneli cha leo na programu ya kawaida yenye kipaumbele cha wakati halisi na kumbukumbu iliyofungwa isihamishwe, tofauti iliyobaki ni ndogo kuliko wanavyodhani walioyasoma mambo haya katika vitabu vya zamani.

Mara nyingi pia kinachotakiwa ni kujua tukio lilitokea lini. Kuchelewa kwa majibu si hoja. Anayepima kasi ya gurudumu kwa kuhesabu mipigo ya kihisi kilichounganishwa kwenye Raspberry Pi hahitaji programu yake iamke ndani ya mikrosekunde mbili. Anahitaji muda sahihi kati ya mpigo na mpigo. Kiolesura kipya cha pini za GPIO, kilichokuja na Linux 4.8 mwaka 2016, kimezingatia hilo: saa husomwa ndani ya kerneli katizo linapofika, na programu husoma matukio yaliyopangwa foleni, kila moja na wakati wake katika nanosekunde. Programu inaweza kuchelewa kidogo na hesabu ikabaki sawa. Mgawanyo huu ni wa hekima, na ningependa kuuona katika violesura vingi zaidi, kwa sababu unaiachia kerneli kile tu ambacho hakiwezi kufanywa baadaye.

Na pale ambapo kasi inahitajika kweli, katizo lenyewe ndilo linaloachwa. Kwenye mtandao wa gigabiti 10, fremu ndogo kabisa zinaweza kufika milioni 14.88 kwa sekunde, yaani moja kila nanosekunde 67 hivi. Hakuna prosesa inayoweza kuhudumia katizo kwa kila fremu katika muda huo, iwe ndani ya kerneli au nje yake. Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walieleza mwaka 1996 jinsi mashine iliyozidiwa na makatizo inavyotumia muda wake wote kupokea pakiti na isibakiwe na muda wa kuzifanyia kazi. Kerneli ya Linux ilijibu kwa NAPI: katizo la kwanza huzima makatizo ya kadi, kisha kerneli huchota pakiti yenyewe mpaka ziishe. DPDK, maktaba ya programu iliyoanzia Intel, ilikwenda mbali zaidi na kuipa programu ya kawaida kiini kizima cha prosesa kikizunguka na kuchungulia kadi bila kukoma. Na mtandao ukitulia, makatizo yanaweza kurudishwa kupitia ileile VFIO ili umeme usipotee bure. Anayesema programu ya kawaida haifai kwa vifaa vya kasi hana budi aeleze kwa nini mitambo mingi ya mawasiliano yenye kasi kubwa imetoa kazi hiyo nje ya kerneli.

Lipo pingamizi la pili lililo gumu zaidi, nalo ni la historia ya michoro. Kwa miaka mingi XFree86 ilikuwa programu ya kawaida iliyoendesha kadi za michoro moja kwa moja, na mwelekeo uliofuata ulikuwa kinyume na ninaoutetea hapa. Mwaka 2009, katika toleo 2.6.29, upangaji wa skrini ulianza kuhamia ndani ya kerneli, na wengi walifurahi. Pingamizi hili ni la haki, na limenifanya niipunguze hoja yangu. Skrini ni moja na wanaoitaka ni wengi: kerneli inataka kuandika ujumbe wa hitilafu, dirisha la kuingilia linaitaka, mtumiaji wa pili anaitaka, na mashine inapoamka kutoka usingizini lazima mtu mmoja ajue hali ya kadi. Kifaa chenye wadai wengi kinahitaji mwamuzi, na mwamuzi wa kawaida ni kerneli. Kadi ya mtambo wa kiwandani, kadi ya kunasa vipimo, kadi ya mtandao iliyotengwa kwa kazi moja, au kifaa kilichokabidhiwa mashine pepe havina wadai wengi. Vina mmiliki mmoja. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama, na sidai zaidi ya hapo.

Wengine watasema kwamba faida ya usalama ni ya kufikirika, maana kiendeshi kikifa kifaa hakifanyi kazi, awe nani aliyekifisha. Takwimu haziungi mkono maneno hayo. Andy Chou na wenzake wa Stanford walichunguza kerneli ya Linux mwaka 2001 wakakuta kiwango cha makosa katika viendeshi kikifika mara 3 hadi 7 ya kile cha sehemu nyingine. Michael Swift na wenzake, katika kazi yao ya Nooks ya mwaka 2003, walitaja kwamba asilimia 85 ya kuanguka kwa Windows XP kulikoripotiwa kulisababishwa na viendeshi. Tarehe 19 Julai 2024 faili mbovu iliyosomwa na kiendeshi cha kampuni ya usalama ya CrowdStrike ndani ya kerneli ya Windows iliangusha, kwa makadirio ya Microsoft, mashine milioni 8.5, na viwanja vya ndege na hospitali vikasimama. Kiendeshi hicho hakikuhusika na makatizo, lakini kinaonyesha kipimo cha madhara: kosa la kusoma kumbukumbu ambalo nje ya kerneli lingeua programu moja, ndani yake liliua mashine nzima. MINIX 3 ya Andrew Tanenbaum ilikuwa imekwisha kuonyesha njia nyingine, ambapo kiendeshi kilichokufa hugunduliwa na kuanzishwa upya huku mfumo ukiendelea. Nikiri kwamba kuanzisha upya si muujiza. Kifaa kilichoachwa na kiendeshi chake kinaweza kuendelea kuandika kumbukumbuni na kupeleka makatizo yasiyo na mpokeaji, kwa hiyo lazima awepo wa kukizima na kukirudisha mwanzo. VFIO hujaribu kufanya hivyo faili ya kifaa inapofungwa, na vifaa visivyokubali kurudishwa mwanzo vizuri ndivyo vinavyoleta taabu.

Maunzi bado yanausogeza mpaka. Prosesa za Intel za kizazi cha Sapphire Rapids, zilizozinduliwa Januari 2023, zina makatizo ya mtumiaji: programu moja inaweza kuikatiza nyingine kwa amri ya prosesa, na msimbo wa mpokeaji kuitwa bila kerneli kuingiliwa, mradi mpokeaji yuko kwenye zamu yake wakati huo. Asipokuwapo, kerneli hurudi kazini. Kwa mara ya kwanza ile njia niliyosema huvunjika haraka inapewa maunzi yanayoijua ramani ya kumbukumbu ya mwenyewe na yanayojua kama yuko zamu. Lakini majedwali yanayosema nani anaweza kumkatiza nani yanaendelea kujazwa na kerneli, na nadhani itabaki hivyo.

Kwa anayeanza leo kuandika kiendeshi cha kifaa chenye mmiliki mmoja, ningeshauri aanze nje ya kerneli na adai sababu ya kuingia ndani. Aulize kwanza kama kifaa kina makatizo ya ujumbe. Kama kina waya, aulize kama biti ya kuzuia ya PCI 2.3 inafanya kazi kwelikweli, maana vifaa vingine hutangaza visichotimiza. Aulize kama mashine ina IOMMU yenye uhakiki wa makatizo na kama imewashwa. Majibu yakiwa mazuri, atumie VFIO. Yakiwa nusu nusu na kifaa hakiandiki kumbukumbuni chenyewe, UIO inatosha. Apime ucheleweshaji kwenye mashine yake, chini ya mzigo wake, kabla ya kuamini kipimo cha mtu mwingine. Kinachobaki ndani ya kerneli baada ya maswali hayo, kwa vifaa vingi, ni mistari inayotosha ukurasa mmoja, na ukurasa mmoja unaweza kusomwa na kukaguliwa na watu wawili kwa asubuhi moja.